Wanaopiga Deki Nao Waulizwe

Waliosema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake hawakuwa wahandisi, lakini walitutangulia. Sisi wa fani ya mitambo ya majengo tulichukua miaka mingi kukubali kwamba jengo la ofisi halijulikani kwa michoro yake wala kwa tuzo iliyotundikwa mapokezi, bali kwa kuwauliza wanaoshinda ndani yake. Sasa tunauliza. Ugomvi wetu leo ni kuhusu nani anayeulizwa.

Hapa Uingereza, mwaka 1987 Wilson na Hedge walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi 4,373 katika majengo 46. Majengo yenye viyoyozi, yale ya fahari, ndiyo yaliyokuwa na malalamiko mengi zaidi ya kuumwa kichwa, macho makavu na uchovu kuliko yale ya kufungua dirisha tu. Tena makarani na masekretari waliteseka kuliko mameneja wao. Kisha kati ya 1995 na 2002 ikaja kazi iliyoitwa PROBE: Bill Bordass, Adrian Leaman na wenzao walirudi kwenye majengo yaliyosifiwa, wakapima nishati yanayokula na kuwapa watu karatasi za maswali. Ilionekana kwamba mtu anayeweza kufungua dirisha au kuzima taa mwenyewe hulisamehe jengo mengi. Aliyenyimwa hata swichi hasamehi kitu.

Na Marekani je? Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa matokeo ya majengo 215 mwaka 2006. Fani yenyewe imejiwekea lengo kwamba watu 80 katika kila 100 waridhike na joto au baridi ya ofisini. Majengo yaliyofikia hapo yalikuwa asilimia 11 tu. Fundi cherehani wa namna hiyo angekwisha funga duka.

Haya yote ni mema, nasi tunayaunga mkono. Lakini hao waliojibu ni akina nani? Ni wenye meza. Karatasi hugawiwa asubuhi, hukusanywa jioni, na jengo likahesabiwa kuwa limesema. Wakati huo mwenzetu aliyepiga deki ghorofa zote hizo amekwisha panda basi la kurudi nyumbani, na yule wa zamu ya saa mbili usiku hajafika bado.

Mitambo ya hewa huendeshwa kwa saa. Jioni wenye meza wakitoka, inazimwa. Alfajiri inawashwa ili wakirudi wakute pametulia. Madirisha hayafunguki. Katikati ya saa hizo yumo mtu anayesukuma mashine ya kufyonza vumbi, anayevuta dawa za chooni, na taa zinamzimikia kwa kuwa kihisio hakijamwona akiwa ameinama chini ya meza. Kule chini mlinzi amekaa kando ya mlango unaoingiza baridi ya Januari.

Tazameni jinsi lilivyo jambo la aibu kitaalamu. Jedwali za ASHRAE 55, ambazo sisi huzifungua kila tunapokokotoa, zinasema mtu anayechapa ofisini mwili wake unatoa joto la kiasi cha 1.1, na anayefanya usafi wa nyumba 2.0 hadi 3.4. Yaani karibu mara mbili hadi mara tatu. Basi anayetoa joto jingi kuliko wote ndiye tunayemzimia hewa, na maoni yake hatuyataki.

Tutajibiwa kwamba huyo si mfanyakazi wa ofisi ile, ni wa wakala. Mapafu hayana mkataba na wakala. Kampeni ya mshahara wa kujikimu iliyoanza London ya mashariki mwaka 2001 ilikutana na jibu hilohilo kuhusu malipo, na haikurudi nyuma.

Tutaambiwa pia kwamba kuwasha mitambo usiku ni kuunguza umeme. Kweli, na PROBE yenyewe iliona majengo mengi yakipoteza nishati kwa mitambo inayozunguka bila sababu. Hatuombi jengo zima liwashwe. Usafi uhamishiwe mchana pale inapowezekana, au hewa ifunguliwe ghorofa ile yenye watu, na aliyemo apewe swichi yake. Taa za usiku zitapungua vilevile.

Isitoshe, nani analijua jengo kama wao? Bomba linalovuja, choo kinachoziba kila wiki, ghorofa inayoachwa na taa usiku kucha, vijiko vya umeme vilivyofichwa chini ya meza na wale wanaodai hawasikii baridi: yote haya yamo vichwani mwa watu tunaowaita kwa utani wabeba maboksi. Meneja wa jengo analipa washauri wamtafutie habari ambayo angeipata kwa kuchelewa kuondoka jioni moja.

Wenzetu wenye digrii na meza, karatasi ya maswali ikiwafikia, mwulizeni aliyeileta nakala za wafanya usafi na walinzi ziko wapi, na kama zipo kwa Kiswahili, Kihispania na Kireno. Nanyi wa zamu ya usiku, mkiiona imeachwa mezani, ijazeni. Mahali panapouliza saa za kazi, andikeni saa zenu.