Lehemu isiyo na risasi: Sheria ya Ulaya, gharama ya Bujumbura

BUJUMBURA. Mfanyabiashara anayeleta vifaa vya elektroniki kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura, awe anapita Kabanga na Kobero au anavuka ziwa kutokea Kigoma, huangalia bei, ushuru na nauli. Ni wachache wanaouliza juu ya lehemu, ile metali inayoshikilia vipande vyote vya bodi ya simu, redio au chaja. Hata hivyo, mzigo unaorudishwa na wateja mara nyingine huanzia hapo.

Kwa miaka mingi lehemu ya elektroniki ilikuwa mchanganyiko wa bati asilimia 63 na risasi asilimia 37. Ilikuwa rahisi kutumia, kwani huyeyuka kwenye nyuzi joto 183 tu. Kisha Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku risasi katika vifaa vingi vipya vya umeme na elektroniki kuanzia Julai 1, 2006, na China ikaanza kutekeleza kanuni zake mwaka uliofuata. Sheria ya Ulaya haina nguvu Burundi. Lakini kiwanda kinachouza dunia nzima hakipati faida kwa kuendesha mitambo miwili, mmoja kwa ajili ya Ulaya na mwingine kwa ajili yetu. Ndiyo maana simu nyingi zinazouzwa katika soko la Ngagara leo zimeunganishwa kwa lehemu isiyo na risasi.

Mabadiliko hayo yaliwasumbua hata wenye viwanda. Lehemu mpya inayotumika zaidi ina bati asilimia 96.5, fedha asilimia 3 na shaba asilimia 0.5, nayo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi joto 217. Tanuri zilibidi ziongezewe joto, na bodi na plastiki zikatafutwa zinazolistahimili. Wakaguzi walilazimika kujifunza upya, kwa sababu kiungo kizuri cha lehemu mpya haking'ai kama cha zamani. Likaja pia tatizo la bati tupu kuota nyuzi nyembamba kama nywele, zinazoweza kugusanisha njia mbili za umeme na kuua kifaa.

Kiwanda kina wahandisi wa kuyatatua hayo. Fundi wa mtaani ana pasi ya kulehemu, na mara nyingi haina kipimo cha joto. Akiipeleka kwenye bodi ya kisasa, lehemu ya kiwandani inachelewa kuyeyuka. Anabonyeza zaidi, na njia za shaba zinang'oka. Au anaongeza waya wake wenye risasi juu ya lehemu ambayo haijayeyuka vizuri. Metali hizo zisipochanganyika sawasawa, kiungo kinakuwa dhaifu. Simu inaondoka dukani ikiwaka, na baada ya wiki chache inarudi imezima. Lawama humwangukia muuzaji.

Kwa hiyo anayeuza waya wa lehemu asome alama kwenye roli. Herufi Pb maana yake ni risasi na Sn ni bati. Sn63/Pb37 au Sn60/Pb40 ni waya wenye risasi. Sn96.5/Ag3.0/Cu0.5 au Sn99.3/Cu0.7 ni waya usio na risasi. Huu wa pili ni ghali zaidi, kwa kuwa bati na fedha zina bei kubwa kuliko risasi. Lakini kulinganisha bei kwa kilo pekee kunapotosha. Bati ni jepesi, hivyo kilo moja ya waya usio na risasi, wenye unene uleule, ina urefu unaozidi kwa zaidi ya asilimia 10. Na ukiuza waya huo, uza pia pasi yenye kipimo cha joto, la sivyo fundi atautupa na kurudi kwenye ule wa zamani.

Je, inafaa kuingia gharama hiyo? Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoathirika zaidi. Kanda hii imekwisha kuliona hilo Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilisambaza risasi katika makazi ya watu, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Meza ya fundi si kiwanda cha betri. Hatari yake kubwa ni vumbi na mabaki yanayobaki vidoleni, kisha yakaingia mdomoni pamoja na chakula. Kunawa mikono kwa sabuni kunapunguza sana hatari hiyo. Moshi wa dawa ya kulehemu nao hudhuru mapafu, na waya usio na risasi hauondoi moshi huo.

Kuna upande mwingine unaotuhusu zaidi. Karibu nusu ya bati linalotumika duniani huishia kwenye lehemu, na kila roli isiyo na risasi inahitaji bati zaidi. Kasiteriti, jiwe linalotoa bati, huchimbwa kaskazini mwa Burundi, nchini Rwanda na Bisie huko Walikale, mashariki mwa Kongo. Sekretarieti ya Mkutano wa Kimataifa wa Kanda ya Maziwa Makuu, inayosimamia utaratibu wa vyeti vya madini uliokubaliwa Lusaka mwaka 2010, iko hapa hapa Bujumbura. Tunajadili cheti cha jiwe linalotoka, huku waya unaorudi ukiingia bila wa kuuliza una nini ndani.

Mashirika ya viwango ya nchi za Afrika Mashariki yangeweza kuanza na jambo dogo: kudai kila roli inayovuka mpaka ioneshe mchanganyiko wake, na kupima sampuli ili kubaini alama za uongo. Mfanyabiashara anayenunua bati hataki kuuziwa risasi kwa bei ya bati. Hadi hilo lifanyike, swali la kwanza kwa muuzaji wa jumla, kabla ya bei, liwe hili: roli hii ina nini?