Tuzo za muziki na deni la Tanga

Leo naomba niseme ya moyoni, na atakayenuna anune.

Kila msimu wa tuzo za muziki ukifika, napigiwa simu na swali ni moja: "Mgosi, umempigia nani kura?" Safari hii nimejibu: sijampigia mtu. Nieleze kwa nini.

Tuzo hizi zilianza mwaka 1999. Wengi tunazikumbuka kwa jina la bia iliyozidhamini, Kili. Baada ya 2015 zikalala, zikafufuliwa 2022 chini ya BASATA. Sibezi kazi hiyo. Diamond alipobeba tuzo saba usiku mmoja mwaka 2014, vijana wengi waliamini kuwa muziki nao ni ajira.

Ugomvi wangu uko kwenye taarab. Ikitajwa "taarab bora", kinanda cha kisasa na taarab ya zamani vinapimwa kwa mizani moja. Na enzi za Kili tulipiga kura kwa ujumbe wa simu. Jamani, kura ya simu inapima nani ana mashabiki wenye vocha. Haipimi nani alijenga nyumba tunayoishi.

Nyumba yenyewe ilijengwa wapi? Hapa Tanga. Black Star, na baadaye Lucky Star, ndio walioingiza gitaa la umeme na besi kwenye taarab, mwanamke akasimama mbele na kipaza sauti, na Mombasa wakafuata nyayo. Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani, alitokea humo. Kwenye dansi tulikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kwenye bongo fleva wakaja Wagosi wa Kaya, waliowasema wauguzi na trafiki bila woga, na Mwana FA wa Muheza.

Najua mtasema: tuzo ni za kazi za mwaka husika, si za historia. Sawa. Lakini kuna wazee walio hai ambao nyimbo zao bado zinapigwa kwenye harusi zetu, na wao wanaomba nauli ya kwenda hospitali. Hao nao ni historia?

Mwingine atasema watu wa Tanga ni wavivu wa kupiga kura, tunangoja kubembelezwa. Labda. Ila sherehe mkiziweka Dar kila mara, msishangae tukiziona kama harusi ya jirani: muziki tunausikia, pilau hatulioni.

Na sisi waandishi hatuna pa kujificha. Bi Shakila alipofariki Agosti 2016 tulijaza kurasa za sifa. Kabla ya hapo mimi binafsi sikuwahi kubisha hodi kwake. Nilikuwa nafukuzia habari za nani kagombana na nani. Bibi yangu, pale Ngamiani, aliniuliza: "Mjukuu wangu, mwamsifu sasa, asikie nani?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Kwa hiyo ombi langu ni fupi. Taarab asilia ipewe nafasi yake, iamuliwe na wanaoijua. Wazee walioijenga wapewe heshima pamoja na fedha, wangali hai. Na usiku mmoja tu, sherehe iletwe Mkwakwani. Mkifanya hivyo, kura yangu mtaipata.

Nawasilisha. Mwenye hoja tofauti aje nayo, matusi ayaache nyumbani.