Mvua Inanyesha, Bomba Nalo Linamwaga

MANENO YA MWAMBAO
Na Mwanaidi Nizigama

Ukipita Kabezi, mwambao wa Ziwa Tanganyika, mwezi wa Aprili, barabara ya RN3 ikiwa imejaa madimbwi, unaweza kukuta nyuma ya geti la nyumba ya mwenye nazo majani yanamwagiliwa huku mvua inanyesha. Hakuna mtu aliyeshika mpira. Saa imetegwa, na saa haiangalii mbingu.

Sina ugomvi na bustani ya mtu. Ila dawa ya aibu hiyo ipo, inaenea kiganjani: kihisi mvua. Ndani yake mna visahani vinavyonyonya maji. Vikilowa vinavimba, vinasukuma swichi, umeme wa vali unakatika. Vikikauka, mfumo unarudi kazini wenyewe. Kifungwe ukingoni mwa paa, mvua inapopiga waziwazi. Ukikificha chini ya mwembe, kitachelewa kujua kama imenyesha.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi mvua ya milimita 10 imeipa bustani ya mita za mraba 200 lita 2,000, yaani bidoni 100 za lita 20. Nani angewatuma watoto wa jirani kuchota bidoni 100, kisha azimwage kwenye matope? Kama maji ni ya REGIDESO, shirika la maji, yametiwa dawa ili yanywewe. Kama ni ya ziwani, mota imeyavuta kwa mafuta, na foleni za mafuta hapa Burundi hakuna asiyezijua.

Huko Florida, Marekani, tangu 1991 sheria inamtaka anayefunga mfumo wa kumwagilia unaojiendesha aweke kihisi mvua au kifaa kingine kinachousimamisha unyevu ukitosha. Na wao mvua wanayo tele.

Mkulima wetu wa lengalenga kando ya ziwa hahitaji sheria wala swichi. Akiona wingu limetanda juu ya milima ya Mumirwa, aruzwari ya kumwagilia anaiweka chini. Aliyenunua mashine ili asiangalie juu, hana budi kuinunulia macho.

Kwa hiyo, mwenye bustani, muulize fundi wako kihisi kiko wapi. Kama hakipo, kazi yake haijaisha, usimmalizie hela. Hadi akifunge, mvua za Oktoba zikianza, funga bomba kuu kwa mkono. Jua la Januari likikaza, lifungue. Nayo serikali iige sheria ya Florida kabla mifumo hii haijajaa mwambao mzima.