Fedha Hazizai Majirani

Mwaka 2014 mkaaji mmoja wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi, alichimba kiwanjani mwake akakuta kobalti. Punde wengine walichimba hata ndani ya nyumba. Mwaka 2017 mamia ya jamaa walihamishwa, wakalipwa, na sehemu ya mtaa ikawa machimbo.

Lakini fedha huisha, na aliyehamishwa huamka ugenini, hana hata wa kumwomba chumvi. Tangu 2012 masista wa Mchungaji Mwema huko Kolwezi huwafundisha akina mama kulima na kushona, na watoto kusoma, wasirudi kuosha mawe. Ndivyo maisha yasimamavyo tena.

Nasi je, tuwaachie masista peke yao? Jumapili hii, tukitoka Misani, tumwulize mgeni wa mtaani petu: “Mama, watoto wamelala wapi?”