Kutuliza si Kuponya



Hapa Gurei, pembeni mwa mji wa Juba, mwenzetu mmoja wa kuponda kokoto alilalamika mgongo. Mnyapara akampa vidonge viwili, akamrudisha kazini. Maumivu yakapungua kweli. Jioni hakuweza kuinuka. Tulipokwenda kuuliza tukajibiwa, "Si ametibiwa?"

Ndiyo maana leo tunasema juu ya maneno. Kuponya ni kuondoa ugonjwa. Kutuliza ni kupunguza makali yake, na aliyetulizwa bado ni mgonjwa. Neno lenye hila ni kupoza, maana twalitumia kwa chai na kwa ugonjwa pia. Chai ikipoa imepoa. Lakini sufuria iliyoepuliwa kidogo tu ikarudishwa jikoni, itachemka tena.

Wazungu wana neno lao, paliativu. Asili yake ni Kilatini, pallium, yaani joho. Joho humkinga mtu na baridi. Joho pia huficha kidonda.

Kutuliza hatukudharau hata kidogo. Mwaka 1967 Cicely Saunders alifungua London nyumba ya St Christopher's kwa wagonjwa wanaokaribia kufa. Kwa jirani zetu Uganda, Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa mwaka 1993, na wagonjwa wa saratani wakapewa mofini ya maji, dawa ya bei nafuu. Tanzania huduma hiyo huitwa tiba shufaa. Watu hawa hawamdanganyi mgonjwa kwamba amepona. Joho lao ni la baridi.

Lakini mwaka 2023 serikali ya Nigeria ilipoondoa ruzuku ya petroli na bei zikapanda, mchele uligawiwa kwa jina hilohilo, paliativu. Wafanyakazi wa huko, nao wana njaa kama sisi, hawakuacha kudai mshahara. Waligoma Juni 2024, na Julai kima cha chini kikapandishwa kutoka naira 30,000 hadi 70,000 kwa mwezi. Mchele peke yake usingeleta hayo.

Kwa hiyo, ndugu, vidonge vya mnyapara tuvipokee. Mwenye maumivu hana sababu ya kuvikataa. Jumatatu tunarudi kwa mwajiri kuzungumzia mapumziko yenye malipo, na uzito wa mawe anayobebeshwa mtu mmoja.