Mti wa Mathenge Haujui Mpaka



Ikiwa shamba lako lapakana na hifadhi ya wanyama, bila shaka umesikia jirani akisema: "Magugu ya hifadhini ni kazi ya askari wa wanyama, yangu ni mahindi yangu." Maneno hayo yatamgharimu. Tazama yaliyowapata wenzetu wa Baringo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mti wa mathenge, ambao asili yake ni Amerika, ulipandwa huko kwa nia njema, ili watu wapate kuni na udongo usichukuliwe na upepo. Lakini haukukaa ulipopandwa. Ulisonga nyasi za malisho, ukaziba njia za mifugo, na miba yake ikachoma miguu ya mbuzi. Mwaka 2006 watu wa huko waliishtaki Serikali, wakapeleka mahakamani mbuzi aliyeng'oka meno. Mwaka 2008 mathenge ulitangazwa kuwa gugu haribifu. Sasa umeenea katika tambarare za Marigat, ilipo skimu ya maji ya Perkerra, na umefika Loboi, karibu na lango la Hifadhi ya Ziwa Bogoria.

Je, ulisafirije? Maganda yake ni matamu. Mbuzi na ng'ombe huyala, na ngiri na nyani vilevile, lakini mbegu ni ngumu, haisagiki tumboni. Hutoka pamoja na mavi, ikaota papo hapo. Basi mbuzi wako akila maganda mchana, kisha akaingia hifadhini, wewe ndiwe uliyepanda mathenge humo. Na ngiri akitoka hifadhini usiku, huja kukulipa deni lako shambani.

Wako wasemao, "Uacheni, una makaa." Ni kweli, makaa yake ni mazuri. Lakini ukikata shina juu ya ardhi, kisiki hutoa machipukizi mengi, na kichaka huwa kizito kuliko kwanza. Maoni yangu ni haya: choma makaa kwa kibali, lakini maliza kazi. Fukua, ukate mzizi kadiri ya futi 1 chini ya udongo, kisha panda nyasi mahali pale, kwa kuwa ardhi tupu huukaribisha tena.

Maganda yaokotwe, yasagwe pamoja na mbegu zake, yachanganywe na chakula cha mifugo. Mbegu iliyosagwa haioti. Mifugo iliyokula maganda mazima isihamishwe mpaka ikae zizini siku kadhaa, na miche itakayoota katika mavi yale ing'olewe.

Ukiuacha, hasara ni yako. Nyasi zikiisha hifadhini, wanyama watatafuta malisho kwako. Basi usimngoje askari, naye asikungoje wewe. Semeni jambo hili katika baraza, mwiteni mkuu wa hifadhi, mchague siku moja kila mwezi, na watu wafanye kazi pande zote mbili za mpaka siku ile ile. Anzeni baada ya mvua, wakati udongo ni laini. Mche wa leo hung'olewa na mtoto kwa mkono. Ukiuacha ukomae, utataka shoka, jembe na wanaume wenye nguvu.