Msafiri Ale Wapi Afikapo Voi?

Msafiri atokaye Mombasa kwenda Nairobi hufika Voi akiwa amekwisha kwenda yapata kilomita 160, na njaa imemkamata. Mara nyingi basi husimama mahali apapendapo dereva, wala abiria haulizwi. Hushuka upesi, hula upesi, hulipa aliloambiwa, kisha huondoka asijue hata jina la mahali alipokula. Wengine hujuta mbele ya safari, tumbo linapoanza kuuma. Yafaa basi mtu afikiri kidogo kabla ya kuketi mezani.

Mambo haya si mageni katika mji wa Voi. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikapita Voi na kufika Nairobi mwaka 1899. Magari ya moshi ya siku zile hayakuwa na behewa la kulia chakula. Kwa hiyo gari lilisimama Voi, na abiria wakubwa walishuka kula katika nyumba maalumu ya wasafiri, iliyojengwa kwa mfano wa zile za Uhindi. Meza ile haikuandaliwa kwa ajili ya Mwafrika wa daraja la tatu; yeye alitegemea masurufu aliyofungasha nyumbani. Leo mambo yamegeuka. Kila mlango u wazi kwa kila mtu, na mwenye fedha yake ndiye mwenye kuchagua. Uhuru huo haufai kuachiwa dereva wa basi.

Sasa, hoteli njema hujulikanaje? Kwanza ni maji. Voi ni nchi kavu, na maji ya chemchemi za Mzima, zilizomo katika kaunti hiyo hiyo ya Taita Taveta, yalivutwa kwa bomba kubwa lililokamilika mwaka 1957 ili kuwanywesha watu wa Mombasa. Mwenye hoteli awekaye maji safi na sabuni karibu na mlango, mahali ambapo maji ni ya thamani, ameonyesha kwamba awajali wageni wake. Pili ni moto. Chakula kitokacho jikoni kikifuka moshi ni salama kuliko kilichopoa tangu asubuhi. Tatu ni wenyeji. Pale walapo makarani, waalimu na mafundi wa mji kila siku, hapo hapana hila, kwa kuwa mwenyeji akidanganywa leo kesho harudi. Nne ni cheti. Sheria ya Kenya yamtaka kila ashikaye chakula cha watu apimwe afya yake kila miezi sita. Si utovu wa adabu kutazama kama vyeti vimetundikwa ukutani.

Katikati ya mji, karibu na soko na kituo cha magari, zimo hoteli ndogo nyingi. Humo hupatikana ugali na sukuma wiki, maharagwe kwa chapati, nyama ya mbuzi, wali, na chai ya maziwa. Mtu asione haya kuuliza bei kabla ya kuagiza. Apendaye kula huku akitazama tembo wakinywa maji, aende Voi Safari Lodge, iliyo juu ya mlima ndani ya hifadhi ya Tsavo Mashariki. Lakini akumbuke kwamba kuna ada ya kuingia hifadhini, mbali na gharama ya chakula. Vivyo hivyo, katika njia ya Taveta, baada ya kupita Mwatate, iko Salt Lick Lodge, nyumba iliyosimama juu ya nguzo, na wanyama hupita chini yake. Hizo ni nyumba za siku ya furaha, si za chakula cha kila siku.

Lakini atakaye kuijua nchi kwa ulimi wake hana budi kuonja kimanga. Hiki ni chakula cha Wataita: mihogo, au viazi vitamu, au ndizi, hupikwa pamoja na maharagwe mpaka vilainike, kisha hupondwa. Hushibisha, na mfanyakazi huweza kushinda nacho mchana kutwa. Milima ya Taita, upande wa Wundanyi, ina baridi na mvua, nayo hutoa mboga nyingi. Taveta nako, mpakani mwa Tanzania, kuna migomba mingi inayonyweshwa na maji yatokayo Kilimanjaro, na soko lake ni mashuhuri kwa ndizi. Ziwa Jipe lina samaki wake. Nchi yenye vitu hivi vyote haina sababu ya kumpa mgeni chipsi peke yake.

Hapo ndipo penye shauri la kufikiriwa na wenye hoteli. Mwaka 2017 reli mpya ilifunguliwa, na tangu hapo abiria wengi hupita kwa treni yenye behewa lake la vyakula. Huweza kuivuka kaunti nzima wasiache hata shilingi moja sokoni. Mabasi nayo husimama kokote yapendako. Hoteli ya Voi ikipika yale yale yapatikanayo Mombasa na Nairobi, kwa nini mtu ashuke? Bali ikisifika kwa kimanga cha moto, mboga za Wundanyi na ndizi za Taveta, msafiri atakuwa na sababu ya kusimama, na mkulima wa mlimani atapata mnunuzi wa karibu. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona ikiwa amempikia mgeni chakula cha kwa wengine.

Msafiri naye ana wajibu wake. Aingiapo hotelini na aulize, "Kimanga kipo?" Akiambiwa hakipo, asikasirike, aagize kilichopo, ashukuru, na siku nyingine aulize tena. Mwenye hoteli akiulizwa neno moja na wageni kumi, wa kumi na moja atakikuta mezani.